Pikapu Inayougua Mchana

Mtaa wa Stesheni,
Itigi, Manyoni,
Singida.
Jumapili, 19 Septemba 1999.

Mpendwa Kaka Fabiano,

Shikamoo kaka. Shikamoo tena, na hii ya pili ni ya kukulainisha, maana barua hii ina mahali utakunja uso kabla hujaukunjua. Hujambo lakini? Shemeji Dina hajambo? Na watoto, hasa yule mdogo wa kuuma watu, meno yameisha kuota au bado mnajificha? Ule mguu ulioumia kwenye baiskeli umepona? Nasikia huko Newala mikorosho imechanua vizuri. Mshukuruni Mungu, na mimi mnitumie kakopo ka korosho.

Sisi huku wazima. Mke wangu Hana anakusalimu sana. Mimi mdogo wako nimenenepa kidogo, mkanda nimetoboa tundu jipya, na watu wa stesheni wameanza kuniita bosi bila kutania. Mama, mama yako mzazi na Mama Mkubwa wangu, mzima kabisa, anakula, anacheka, anagombana na kuku. Neno la Mama nimeliweka mapema makusudi, ili yanayokuja uyasome ukiwa umekaa kwenye kiti, siyo umesimama.

Asali mwaka huu ilikuwa ya kumwaga. Kule msituni mizinga ilijaa mpaka wazee wakakosa ndoo, wakachukua hata ndoo zilizotoboka, wakaziziba kwa nta kama kawaida yetu. Wanunuzi wanatoka Dar, wanatoka Arusha, kila mmoja na mzani wake. Siku hizi za soko huria kila mtu ni mfanyabiashara. Hata yule mwalimu aliyenichapa darasa la nne kwa kutojua kugawanya anauza suruali za mitumba sokoni, na akiniona anasema, "Karibu mheshimiwa Deo, saizi yako ipo." Nilinunua mbili kwa kumwonea huruma. Moja hainitoshi.

Sasa tuje kwenye barua yako ya mwezi wa saba. Hana alinisomea kwa sauti, tena mara mbili, ile sehemu uliyopigia mstari: Mama asikanyage kwenye pikapu ya Deo inayotoa moshi kama treni ya makaa, kifua chake nakijua mimi niliyelala naye hospitali.

Kaka, amri hiyo imevunjwa. Na aliyeivunja wa kwanza ni Mama mwenyewe. Mimi nilikuwa wa pili.

Unajua sababu. Dada yetu Scola amekaa kwenye ndoa miaka tisa kule Kinampanda bila mtoto, maneno ameyasikia yote, na mwezi wa sita akajifungua binti mzima mwenye sauti ya kondakta. Wakampa jina la Mama, Leah. Habari zilipofika kwamba ubatizo ni tarehe 12 Septemba, Mama alikunja khanga zake mbili kwenye kikapu siku ile ile, wiki tano kabla. Nikamwambia, "Mama Mkubwa, Fabiano amekataza." Akaniambia, "Fabiano nilimzaa mimi. Mwandikie umwambie hivyo." Basi nimeshakwambia.

Basi la abiria hawezi, unalijua vumbi lake na watu kukaliana. Kwa hiyo ikawa ni pikapu yangu au asiende. Na asingeenda, kaka, nakuapia, Mama angezeeka miaka kumi mwezi huo mmoja.

Ngoja nikueleze ugonjwa wa gari, maana wewe vitabu umesoma lakini chini ya boneti ni mgeni. Mimi darasa la saba nililiona mgongo, ila nimefika Dar mara kumi na moja na Nairobi mara moja, au niseme Namanga, kwa kuwa pale walinirudisha. Hizi pikapu za dizeli za mitumba kutoka Japani zina kidude juu ya injini. Kazi yake ni kuchota moshi kidogo kutoka kwenye ekzosi na kuurudisha ndani ukaungue tena, ili hewa ya kwao isichafuke. Kuna kampira kembamba ka kufyonza hewa kanakokivuta kidude kifunguke. Sasa huku kwetu, na mafuta haya na vumbi hili, kidude kinajaa masizi. Kikivutwa kinafunguka vizuri, lakini kurudi kwake ni kwa kubembelezwa. Injini inabaki inavuta moshi wake yenyewe kama mtu aliyefunikwa blanketi kichwani. Nguvu zinaisha, nyuma inatapika jeusi.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa kuuelekeza moshi mbinguni. Nilikata ekzosi nikaipandisha nyuma ya kichwa cha gari kama lori. Ilipendeza! Watu walisimama kutazama. Lakini upepo ukitoka nyuma, moshi wote unaingia dirishani, na ukitoka pembeni unakwenda kwa jirani. Stumai, jirani yetu, alikuja mlangoni na shuka mkononi: "Deo, hii niliianika nyeupe. Sasa niambie ni rangi gani, maana mimi sina jina lake." Ekzosi nikairudisha chini.

Dawa ya pili nilifundishwa na madereva wa Manyoni. Walisema, ziba kale kampira, kidude kisivutwe kabisa, injini ipumue hewa safi. Wao wanaziba kwa bolti. Nilitafuta bolti ya saizi ile Itigi nzima nikakosa, na subira unajua Mungu hakunipa. Nikaziba kwa mkono wangu. Nimeziba na nini, usiniulize sasa, tutafika.

Kaka, gari ilibadilika! Asubuhi naiwasha, haina moshi, inapanda kama mbuzi. Nilizunguka stesheni nzima nikipiga resi ili watu waone. Lakini ikifika saa sita mchana, jua la utosi, ghafla inachoka na moshi mweusi unarudi. Kesho asubuhi, nzima. Mchana, mgonjwa. Nikafikiri sana. Na nikakumbuka kwamba kila siku saa nne najaza dizeli kwa Sajjad.

Sajjad unamkumbuka, yule mtoto wa mzee wa duka la vitambaa Singida mjini, siku hizi amefungua duka huku na anauza dizeli ya mapipa. Mtu mpole. Tumekula naye pilau za Idi miaka yote. Nikaenda dukani kwake, watu wamejaa, nikasema kwa sauti yangu hii unayoijua, "Sajjad, unachanganya dizeli na mafuta ya taa, unaua gari yangu."

Sajjad hakupandisha sauti. Alichota dizeli kwenye chupa ya soda, akainyanyua juani, akaniambia nitazame; nikatazama, nikanusa, dizeli tupu. Halafu akasema, "Deo, ndugu yangu, hii dizeli yangu asubuhi nzuri, mchana mbaya? Kwani imevaa saa?"

Watu walicheka mpaka mwanamke mmoja akamwaga sukari yake. Nami kwa kuona aibu nikazidi kiburi, nikatoka nikisema nitajaza Manyoni. Wiki tatu sikumsalimia. Najua, kaka. Endelea kusoma.

Nikawa najaza Manyoni, na kwa kuwa msimu wa asali ulikuwa umeisha, nilitembeza gari alfajiri tu na kuipumzisha. Moshi sikuuona tena. Nikasema, si mnaona? Ilikuwa dizeli ya Sajjad.

Mama hakuniamini kwa maneno. Ana kitambaa chake cheupe cha mkononi, kile alichodarizi ua la bluu pembeni. Alfajiri moja alikuja, gari inanguruma, akasema, "Kishike pale unapotoka moshi." Nikashika, nikapiga resi. Akakitazama kwa miwani, akakigeuza, hakuna kitu, kijivu kidogo sana kama vumbi la unga. Akasema, "Haya, nitapanda." Na mimi nikavimba kichwa.

Tuliondoka Alhamisi tarehe 9, jua linachomoza. Mama mbele, kikapu magotini, kuku wa Scola amefungwa miguu chini. Gari inateleza kama siagi. Mpaka Manyoni anaimba. Tukapumzika, tukanywa chai, tukakata kwenda Singida. Nikawa namwonyesha, hapa nilipita na gavana wa benki, pale nilimpita mtu wa basi. Uongo mtupu, lakini alifurahi.

Tulipopita Ikungi ilikuwa saa sita na nusu. Nikasikia mguu wangu unakanyaga na gari haiendi. Nikatazama kioo cha pembeni, nyuma ni giza. Upepo siku hiyo ulikuwa unatufuata, na moshi ule ukatukuta, ukaingia kwa chini, kwenye sakafu ambako pana matundu ambayo sijawahi kukuambia. Mama akaanza kukohoa.

Nilisimamisha gari katikati ya barabara, kaka, nikamtoa, nikambeba kama mtoto mpaka kwenye kivuli cha mgunga. Kile kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Alikuwa ananishika mkono hapa juu ya kiwiko, na alama za vidole vyake zilikaa mpaka Jumamosi. Dawa yake ya kuvuta alikuwa nayo kwenye kikapu, chini ya khanga zote, na mimi nikamwaga kila kitu mchangani, kuku naye akakimbia na kamba yake. Alivuta mara moja. Akavuta mara mbili. Nilikuwa nasema maneno, sijui maneno gani. Nadhani nilikuwa nakuomba radhi wewe.

Unanijua mimi ni mtu wa mdomo. Ile nusu saa mdomo haukunisaidia kitu.

Ikatulia. Polepole, filimbi ikashuka. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Kamata kuku." Nikamkamata. Tukakaa pale mpaka saa tisa na ushee, gari imepoa. Nikasema nitasimamisha gari ya watu, akasema hatoki pale kwenda kukaa juu ya magunia ya mtu asiyemjua. Nikaiwasha nijaribu tu, nikiwa peke yangu. Nzima! Haina moshi hata wa dawa. Nikasimama natazama gari yangu kama natazama mchawi.

Na hapo, kaka, ndipo maneno ya Sajjad yaliponirudia. Dizeli ilikuwa ya Manyoni. Haikuwa yake. Na ilikuwa imevaa saa vile vile.

Tulikwenda mwendo wa kobe mpaka Singida mjini, vioo wazi, nasimama kila nikiona injini inapata joto. Nikaenda moja kwa moja gereji ya Mughwai, yule fundi mrefu tuliyesoma naye, ambaye mwaka jana aliniambia nisizibe kitu, nilete gari asafishe kidude, na mimi nikamwambia hajui gari za kisasa. Mama akawekewa benchi kivulini. Mughwai akafungua boneti. Akauliza, "Umegusa nini humu?" Nikasema, "Sijagusa kitu." Akafuata kale kampira kwa vidole, akakachomoa, akakanusa. Akakanusa tena.

"Deo," akasema, "gari yako inakula asali?"

Ndiyo, kaka. Nta. Niliziba kwa nta. Si ndivyo tunavyofanya? Ndoo ikitoboka nta, mzinga ukipasuka nta, nyuzi za viatu nta. Mtu wa mahali pengine angetafuta bolti mpaka aipate. Mimi nikaona nta. Asubuhi imekauka ngumu, kampira kameziba sawasawa, gari nzima. Injini ikichemka mchana, nta inayeyuka, inatiririka, kidude kinavutwa, kinakwama, moshi. Gari ikipoa, kidude kinarudi polepole, nta inaganda tena ndani ya mpira. Nilikuwa nimeitengenezea saa mwenyewe.

Mughwai akatoa donge kwa waya. Ndani yake mlikuwa na mguu wa nyuki. Akampelekea Mama kwenye benchi aone. Mama akaligeuza, akanitazama juu ya miwani. "Hii ni nta yangu. Uliniomba ukasema ya kupaka uzi wa viatu."

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

"Basi nilikohoa kwa nta yangu mwenyewe."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikaruka na dawa, akanipiga mkono. "Hiki ni kicheko, mjinga wewe." Mughwai alilala juu ya bampa kwa kucheka. Nilistahili.

Tulilala kwa Mughwai, mkewe Elizabeti akamwandalia Mama uji wa ulezi na chumba kisicho na vumbi. Ijumaa nzima Mughwai alifungua kile kidude. Masizi aliyotoa yangepaka vyungu vya tarafa nzima. Nilimwambia, "Kata bati, ziba kabisa tumalize." Akasema anaweza, wengi wanamletea kwa kazi hiyo. Lakini akamgeukia Mama akasema, "Mama, kikiwa kisafi hakikupi moshi, na gari inakwenda. Kikija kujaa tena alete nisafishe, kila baada ya msimu." Mama akasema, "Kirudishe kama kilivyowekwa na waliokitengeneza. Huyu asizibe kitu tena." Mughwai akatia mpira mpya, akaziba na matundu ya sakafu kwa bati na skrubu. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika tochi mchana kweupe.

Jumamosi asubuhi nikawa tayari saa kumi na mbili, nimeosha gari inang'aa. Mama hakuinuka kwenye benchi. "Asubuhi gari yako haijawahi kunidanganya," akasema. "Mchana ndiyo inanidanganya. Tutaondoka mchana."

Tukangoja. Saa saba kamili, jua linaweza kukaanga yai juu ya boneti, nikaambiwa nizunguke mji mara tatu peke yangu, nipande kile kilima, nirudi injini ikiwa ya moto kabisa. Nikarudi natoka jasho kama ninaoa. Mughwai na Elizabeti na majirani wote wamesimama. Mama akakivuta kitambaa kutoka kifuani, safari hii akakishika mwenyewe. Nilipiga resi, kaka, huku nasali.

Akakitazama. Akakigeuza. Pana alama, dizeli haikosi alama, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, rangi ya jivu. Akakikunja, akasema, "Washa twende kwa mjukuu wangu."

Hakukohoa mpaka Misigiri. Hakukohoa tulipokata kwenda Kinampanda, kwenye yale mawe. Scola alikuwa barabarani tangu asubuhi na mtoto mgongoni, hakuamini, maana na yeye ulimwandikia kwamba Mama hatakuja. Alipoona nani anashuka kiti cha mbele, alikaa chini pale pale mavumbini akalia. Mama akamwambia, "Inuka, unamtikisa Leah." Jumapili, mwenye kumshika mtoto kanisani alikuwa Mama. Leah mkubwa na Leah mdogo. Padri alimwagia maji, mdogo akapiga kelele, mkubwa akaitikia "Amina" kwa sauti ya kifua kizima. Niliisikia mimi niliyekaa kiti cha nyuma.

Tulirudi Itigi Jumatano, mchana vile vile, kwa amri. Alhamisi nilikwenda dukani kwa Sajjad. Nilingoja watu wajae kama siku ile. Nikasema kwa sauti ile ile, "Mimi Deo nilimsingizia Sajjad. Dizeli yake safi. Mchafu nilikuwa mimi na nta yangu." Nikampa ndoo ya asali, ile ya mwisho niliyojiwekea. Sajjad akaichungulia, akaniuliza, "Hii haijayeyuka mchana?" Watu wakacheka tena, na safari hii nilicheka nao. Akaniuliza Mama aliendeleaje. Nikajaza tangi.

Kaka, najua ulikuwa na haki. Ulikataza kwa sababu ulimwona anavyoteseka, nami sikuwepo. Sasa nimeona. Ningempoteza Mama pale Ikungi kwa ujuaji wangu, ningekuandikia barua gani? Nisamehe. Lakini pia usimkataze tena. Ukitaka kukataza, nikataze mimi.

Wasalimie Shemeji Dina na watoto, mwalimu mwenzako yule wa miwani, na wote wa huko wanaonijua kwa sifa zangu. Hana, Scola na mumewe, Mughwai na Elizabeti, Sajjad, hata Stumai na shuka zake, wote wanakusalimu. Mungu akulinde huko kusini, akupe usingizi mzuri na likizo ya mwezi wa kumi na mbili bila kuahirishwa.

Ndani ya bahasha utakuta kitambaa. Ni kile kile, chenye ua la bluu na ile alama. Mama anasema usikifue. Anasema uje nacho Desemba, ukishike mwenyewe kwenye ekzosi saa saba mchana, na kama alama itakuwa kubwa kuliko hii, utampeleka Kinampanda kwa kumbeba mgongoni, maana ameshamwahidi Leah atakula naye Krismasi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye kwa moyo wote, dereva wa Mama,

Deo.